Huduma za Fedha Tanzania na Kenya: Mtazamo kutoka Karatu na Loliondo

Mwaka 2009 Mtanzania mzima mmoja tu kati ya sita alikuwa akitumia huduma rasmi ya fedha. Utafiti wa FinScope wa mwaka huo, ambao huhoji watu wa kaya zilizochaguliwa nchi nzima, ulikuta asilimia 16 wakiwa na akaunti ya benki, bima au huduma nyingine inayotambuliwa na sheria. Asilimia 29 walitegemea vikundi na njia za mtaani. Asilimia 55 waliobaki hawakuwa na chochote: walichokipata kilikaa chini ya godoro, ghalani au zizini. Mwaka huohuo Kenya, kwa utafiti wake wa FinAccess, ilikuwa tayari na asilimia 40.5 katika huduma rasmi.

Miaka 14 baadaye, FinScope ya 2023 iliipa Tanzania asilimia 76, na FinAccess ya 2024 ikaipa Kenya asilimia 84.8. Kwa hesabu hiyo pengo la pointi 24 limepungua hadi chini ya 9. Lakini Benki ya Dunia nayo ina kipimo chake, Findex, kinachohesabu wenye umri wa miaka 15 na zaidi walio na akaunti kwa jina lao, au waliotumia wenyewe pesa za simu katika mwaka uliotangulia. Humo Kenya ilitoka asilimia 42 mwaka 2011 ikafika 79 mwaka 2021, na Tanzania ikatoka 17 ikafika 52. Pengo lilikuwa pointi 25, likawa 27. Kipimo kimoja kinaonyesha majirani wakikaribiana, kingine kinaonyesha wote wawili wakikimbia na nafasi kati yao ikibaki ileile. Hakuna kilichodanganya. Kila kimoja kimeuliza swali lake, na mwenye kutaka kujisifu au kulalamika atapata pa kushika.

Kuna jambo jingine ndani ya takwimu hizi ambalo halionekani kwa haraka. Mtu mwenye pesa kwenye laini ya simu huhesabiwa sawasawa na mwenye akaunti ya benki. Ukimtoa wa simu, Tanzania inabaki na watumiaji wa benki asilimia 9 mwaka 2009, karibu 17 mwaka 2017 na 22 mwaka 2023. Hapo ndipo penye swali lenyewe: je, huyu aliyefikiwa amefikiwa na nini? Ni njia ya kupitisha pesa, au ni taasisi inayoweza kumtunzia akiba na kumkopesha?

Mahali pazuri pa kulitazama swali hilo ni wilaya mbili za mkoa wa Arusha zinazopakana, Karatu na Ngorongoro. Karatu, iliyomegwa kutoka Mbulu katika miaka ya 1990, iko kwenye barabara ya lami ya watalii. Ngorongoro inaanzia pale lami ya Karatu inapokomea, kwenye lango la Lodoare, na kuendelea kaskazini hadi Loliondo, inakopakana na kaunti ya Narok nchini Kenya. Mkazi wa Loliondo hahitaji ripoti ya mtafiti kulinganisha nchi hizi mbili. Anaziona zote.

Mwanzo mmoja, njia mbili

Nchi hizi zilianza na mfumo mmoja. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919, ilitoa fedha iliyotumika pande zote, na benki zilikuwa zilezile: Standard, Barclays, na National and Grindlays. Zilifungua milango mijini na penye mashamba ya walowezi. Mwafrika wa kijijini hakuwa mteja wao, awe Murang'a au Mbulu. Mgawanyiko ulikuja 1966, kila nchi ilipofungua benki kuu yake na kutoa shilingi yake.

Mwaka mmoja baadaye zikaachana kabisa. Siku iliyofuata kutangazwa kwa Azimio la Arusha, yaani tarehe 6 Februari 1967, serikali ya Tanzania ilitaifisha mabenki, na Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, ikarithi shughuli zao. Kwa robo karne iliyofuata, kwa Mtanzania wa kawaida, neno benki lilimaanisha NBC. Wazo lilikuwa jema: benki ya umma iende mahali ambapo wenye mitaji hawakutaka kwenda. Matawi yalifunguliwa wilayani, na pesa ya kununulia mazao ya wakulima ilipitia humo. Tatizo lilikuwa kwa wakopaji wakubwa. Mashirika ya mazao na vyama vya ushirika vilikopa NBC ili kuwalipa wakulima, na madeni hayakurudi. Ushirika wenyewe ulivunjwa 1976, ukarudishwa 1982, na kila mabadiliko yaliacha deni lisilo na mwenyewe. Tume ya Rais iliyoongozwa na Charles Nyirabu, gavana wa zamani wa Benki Kuu, ilichunguza hali hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980, na kazi yake ilizaa sheria ya mabenki ya 1991 iliyoruhusu tena benki binafsi.

Kenya haikutaifisha kwa mtindo huo. Mwaka 1970 serikali ilichukua asilimia 60 ya National and Grindlays, ikaiita Kenya Commercial Bank, na baadaye ikaimiliki yote, lakini ikaziacha Barclays na Standard ziendelee. Benki ya Ushirika ilikuwa imeanza kazi 1968. Kilichowasogeza wakulima wa Kenya karibu na benki, jambo ambalo Tanzania haikulifanikisha, ni malipo ya kahawa na chai. Bonasi ya chai haikuja mkononi. Ilipitia akaunti ya SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, au ya benki, na mkulima akajikuta mteja kabla hajafikiria kuwa mteja. SACCO za walimu, za wakulima wa chai na za wafanyakazi zikawa na mizizi mirefu kuliko za nchi nyingine yoyote ya Afrika Mashariki.

Si kwamba Kenya ilikuwa peponi. Katika miaka ya 1980 benki na kampuni kadhaa za fedha zilianguka na akiba za watu, na katika miaka ya 1990 benki kubwa za kigeni zilifunga matawi ya vijijini na kupandisha kiwango cha chini cha salio, jambo lililowafukuza wenye kipato kidogo bila kuwaambia waondoke. Nafasi hiyo iliokotwa na chombo kidogo cha mikopo ya nyumba kilichoanzishwa 1984 huko Kangema, Murang'a, kikiitwa Equity Building Society. Mwaka 1993 kilikuwa kimefilisika kwa mahesabu ya wakaguzi. Mwaka 2004 kikawa benki kamili, na umaarufu wake ulitoka kwa watu ambao benki nyingine zilikuwa zimewaona hawana faida.

Tanzania nayo ilikuwa ikijaribu kuokoa matawi ya wilayani kwa njia nyingine. Mwaka 1997 NBC ilipasuliwa. Sehemu ya kibiashara ilibaki na jina, na hisa zake nyingi ziliuzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini mwaka 2000. Sehemu ya pili ikawa NMB, iliyopewa matawi 95, mengi yakiwa katika miji midogo ambayo hakuna mwekezaji aliyeyataka. Serikali iliyashikilia hadi 2005, ilipouza asilimia 49 kwa kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi. Benki ya ushirika na maendeleo vijijini, CRDB, ilibinafsishwa 1996 kwa msaada wa Denmark. Mtumishi wa serikali katika wilaya ya mbali anayechukua mshahara wake NMB au CRDB leo anatumia njia iliyochorwa na maamuzi hayo.

Simu

Tarehe 6 Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya. Ilikuwa imejaribiwa tangu 2005 kama njia ya wakopaji wa taasisi ya Faulu kurejesha mikopo, lakini watu waliopewa simu za majaribio waliitumia kwa jambo jingine: kutumiana pesa. Vurugu za baada ya uchaguzi zilipozuka mwishoni mwa mwaka huo, na barabara zikafungwa, simu ikawa njia ya kuwafikia jamaa waliokwama. Vodacom ikaileta M-Pesa Tanzania Aprili 2008, kwa jina lilelile na mtambo uleule.

Matokeo hayakufanana. Baada ya miezi 14 Kenya ilikuwa na wateja milioni 2.7, na Tanzania 280,000. Sababu zilikuwa nyingi, na baadhi yake bado zinafanya kazi. Safaricom ilishika sehemu kubwa mno ya soko la simu, hivyo mtumaji na mpokeaji walikuwa mtandao mmoja karibu kila mara. Vodacom ilikuwa ya kwanza kati ya kadhaa. Kenya ina Nairobi inayovuta watu kutoka kila kona, nao hutuma pesa nyumbani. Tanzania ina miji iliyotawanyika katika nchi inayoizidi Kenya kwa zaidi ya nusu ya ukubwa wake. Na kulikuwa na kitambulisho. Mkenya mzima alikuwa na cha taifa tangu zamani, kwa hiyo kumsajili kulichukua dakika. Mamlaka ya vitambulisho ya Tanzania, NIDA, ilianzishwa 2008, mwaka uleule wa M-Pesa, na kadi zilianza kutoka miaka kadhaa baadaye. Kwa muda wote huo Mtanzania wa kijijini alijitambulisha kwa kadi ya mpiga kura au barua ya mtendaji wa kijiji.

Udhaifu huohuo wa Tanzania, wa kutokuwa na mbabe mmoja, uligeuka kuwa faida. Wakala wa Karatu aliweza tangu mapema kubandika mabango ya mitandao yote kwenye kibanda kimoja. Kenya wakala wa Safaricom alibanwa na mkataba asiuze huduma ya mwingine hadi mamlaka ya ushindani ilipoingilia 2014. Mwaka huohuo Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana Tanzania wateja wao watumiane pesa moja kwa moja, na Vodacom ikajiunga 2016. Kenya ilifikia hatua hiyo 2018. Ni jambo lisilosemwa sana kwamba katika hili aliyesifiwa dunia nzima alikuja nyuma ya jirani yake.

Ndiyo maana FinScope ya 2013 ilikuta asilimia 58 ya Watanzania katika huduma rasmi, kutoka 16 miaka minne nyuma. Hakuna benki iliyojenga matawi kwa kasi hiyo. Serikali ilikuwa imeahidi mwaka 2011, katika Azimio la Maya la nchi zinazoendelea, kufika asilimia 50 ifikapo 2015, na lengo likapitwa kabla ya wakati kwa sababu ya vibanda vya mawakala. Benki zenyewe zilifuata mfano. Kenya iliruhusu uwakala wa benki 2010, Tanzania 2013, na leo mwenye duka la dawa au vifaa vya ujenzi Karatu anaweza kupokea amana ya CRDB au NMB kaunta moja na anapouzia misumari.

Kulikuwa na mtikisiko mmoja uliofundisha mengi. Julai 2021 Tanzania iliweka tozo kwenye miamala ya simu, watu wakarudi kutumiana noti kwa makondakta wa basi, na Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Iliendelea kupunguzwa hadi ilipofutwa katika bajeti ya 2023. Mteja wa simu ni mwepesi wa kuhama. Hana tawi wala meneja wa kumzuia, na godoro bado lipo.

Karatu: pesa ipo, inapita

Mji wa Karatu ulikuzwa na barabara. Lami kutoka Makuyuni hadi lango la Lodoare ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hoteli, gereji na maduka yakaifuata. NBC, CRDB, NMB na Exim zimeweka matawi mjini humo na mashine za kutolea fedha kando ya barabara kuu. Wateja wao wakubwa ni wale ambao mshahara huwaleta: wafanyakazi wa hoteli, waongozaji watalii, madereva, walimu, manesi. Huyu akitaka mkopo, mwajiri wake ndiye dhamana, makato hutoka kabla pesa haijamfikia, na benki hulala usingizi.

Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, chini katika bonde la Ziwa Eyasi, yuko katika wilaya hiyohiyo lakini katika dunia nyingine ya fedha. Vitunguu vya huko humwagiliwa kwa maji ya chemchemi, huvunwa kwa wingi, na hununuliwa na wafanyabiashara kutoka Arusha na Kenya wanaokuja na malori. Zao hili hula mtaji mkubwa mwanzoni: mbegu, mbolea, dawa, kukodi shamba, vibarua wa kuhamisha miche. Pesa hiyo hutoka kwa nani? Mara nyingi kwa mnunuzi mwenyewe au dalali wake, anayetanguliza fedha na kuchukua mzigo kwa bei aliyoipanga yeye, kwa gunia la rumbesa linalozidi kipimo. Riba haitajwi popote, lakini ipo, imefichwa katika kilele cha gunia. Simu imemsaidia mkulima kupokea malipo bila kubeba bunda la noti usiku. Haijamsaidia kumkwepa dalali, maana laini ya simu haikopeshi mtaji wa ekari mbili za vitunguu.

Sehemu nyingine ya pesa ya Karatu ni dola za watalii, nazo zimesukumwa kuelekea benki. Novemba 2018 Benki Kuu, ikisindikizwa na askari, ilivamia maduka ya kubadilishia fedha jijini Arusha na kufunga mengi, na kazi ya kubadili dola ikarudi kwenye benki kwa muda mrefu. Machi 2025 kanuni mpya zikapiga marufuku kutangaza bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni ndani ya nchi.

Ngorongoro: umbali wa kilomita na umbali mwingine

Wilaya ya Ngorongoro ina eneo la kilomita za mraba 14,036, na zaidi ya nusu yake, 8,292, ni hifadhi iliyoundwa 1959. Makao makuu ya wilaya yako Loliondo, karibu kilomita 400 kwa barabara kutoka jijini Arusha. Mfugaji wa Endulen au Nainokanoka akitaka tawi la benki, Karatu iko karibu kuliko makao makuu ya wilaya yake mwenyewe. FinScope ilisema mwaka 2023 kwamba asilimia 89 ya Watanzania wanaishi ndani ya kilomita tano kutoka mahali pa kupata huduma ya fedha. Mtu akitaka kujua asilimia 11 waliobaki wanafananaje, aanze na nyika kama hizi, zenye watu wachache na boma zilizo mbalimbali.

Hata penye wakala, kazi yake ni ngumu kuliko ya mwenzake wa mjini. Wakala anahitaji vitu viwili kwa wakati mmoja: floti, yaani salio la kufanyia kazi, kwenye simu na noti kwenye droo. Siku ya mnada wa ng'ombe wauzaji wote wanataka noti, na droo inakauka kabla ya saa sita. Siku ya kawaida ni kinyume chake. Wakala wa Karatu akiishiwa anavuka barabara kwenda benki. Wa kijijini Ngorongoro hufunga safari, huacha kibanda, na hubeba fedha njiani. Gharama hiyo haimo katika jedwali la makato la kampuni, lakini mteja huilipa kwa kuambiwa arudi kesho.

Ng'amboni, Narok haikuwa tofauti sana kwa mazingira: nyika ileile, mifugo ileile, lugha ileile ya Kimaasai. Tofauti ilikuwa katika ardhi. Tangu Mpango wa Swynnerton wa 1954 Kenya ilianza kugawa ardhi na kutoa hati za watu binafsi, na baadaye ranchi nyingi za vikundi za Wamaasai ziligawanywa kwa wanachama. Mwenye hati Narok anaweza kuingia benki na kutoka na mkopo. Anaweza pia kulipoteza shamba lake, na wapo waliolipoteza. Tanzania ardhi ni ya umma, na sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 hutoa hati ya haki miliki ya kimila, ambayo benki nyingi huipokea kwa shingo upande kwa kuwa si rahisi kuiuza mkopaji akishindwa. Ndani ya hifadhi ya Ngorongoro hali ni ngumu zaidi. Mkazi hana hati, na kilimo kilipigwa marufuku 1975, kikaruhusiwa 1992, kikasitishwa tena 2009. Loliondo nako, mwaka 2022 serikali ilitenga kilomita za mraba 1,500 kuwa pori la Pololeti, hatua iliyofikishwa mahakamani. Afisa mikopo anayesoma mlolongo huo haoni kitu cha kuandika mahali pa dhamana.

Anachokiona kila mtu isipokuwa yeye ni mifugo. Kwa mfugaji ng'ombe ni akiba inayozaa, bima ya ugonjwa, ada ya shule na mahari, na pia ni mkopo, kwa kuwa mwenye ng'ombe wengi humwachia ndugu au rafiki maskini baadhi yao akamue na kutunza. Kasoro yake ni kwamba ukame huipiga akiba ya kila mtu siku moja, na ndiyo iliyosababisha mradi wa Ereto, uliofadhiliwa na Denmark tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kuwarudishia mifugo wafugaji wa hifadhini waliokuwa wamefilisika. Kenya ilipitisha 2017 sheria inayotambua mali inayohamishika, mifugo ikiwemo, kuwa dhamana ya mkopo. Kuandikwa katika sheria ni jambo moja. Benki kumkubali fahali kama inavyokubali gari ni jambo jingine, na hilo linakwenda polepole.

Kisanduku chenye kufuli tatu

Kati ya benki iliyo mbali na simu isiyokopesha mtaji, taasisi iliyoshika nafasi ni kikundi. Kenya huitwa chama, na kimekua hadi vingine kumiliki majumba na viwanja. Tanzania kuna upatu wa zamani, unaoitwa pia mchezo, na kuna VICOBA. Mtindo wa VICOBA ulitoka mbali: shirika la CARE liliuanzisha kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, ukaletwa Zanzibar, kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukasambazwa bara. Wanachama hukutana kila wiki, hununua hisa, huchangia mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa, na hukopeshana. Pesa hufungiwa katika kisanduku chenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti, asipokuwepo hata mmoja hakifunguki. Mwisho wa mzunguko hugawana.

Katika vijiji vinavyozunguka Serengeti, vikiwemo vya Ngorongoro, shirika la wanyamapori la Frankfurt lilileta aina yake, COCOBA, iliyofungamanisha mikopo na shughuli zisizoharibu mazingira. Loliondo kuna Baraza la Wanawake Wafugaji, lililoanzishwa 1997, ambalo limejenga vikundi vya wanawake vya kuweka na kukopa. Hapo uzito wake hauko katika kiasi cha fedha. Mwanamke wa Kimaasai kwa desturi hukamua ng'ombe bila kuwa na kauli ya kuwauza, kwa hiyo hisa zake katika kikundi ni mali ya kwanza iliyoandikwa kwa jina lake peke yake.

Serikali ilichelewa kuvitambua vikundi hivi. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 iliviweka katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Kenya ilitangulia kwa SACCO zake, kwa sheria ya 2008 na mamlaka maalumu ya kuzisimamia, SASRA. Pia halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya vikundi hewa kugundulika, ikarejeshwa 2024. Wilaya yenye hoteli hupata mapato zaidi ya isiyo nazo, kwa hiyo hata asilimia ileile haizai kiasi kilekile. Aprili 2025 ilizinduliwa Dodoma Benki ya Ushirika, takriban miaka 57 baada ya ile ya Kenya kuanza kazi.

Upande wa mikopo ya simu Kenya ilitangulia tena, na ikatangulia pia kuumia. M-Shwari ilianza Novemba 2012, M-Pawa ya Tanzania 2014. Fuliza, inayomruhusu mtu kutumia zaidi ya salio lake, iliingia Kenya Januari 2019 na ikawa tabia ya kila siku ya mamilioni. Kisha zikaja programu za mikopo zisizo na leseni, zinazowapigia simu jamaa wa mdaiwa na kumwaibisha. Benki Kuu ya Kenya ilizitungia kanuni 2022. Tanzania, ambako watu huita mikopo ya namna hiyo kausha damu, Benki Kuu ilifungia programu 69 Novemba 2024. Aliyepata mkopo wa namna hii amehesabiwa kuwa amefikiwa na huduma za fedha, na ni haki kutilia shaka hesabu hiyo.

Kwenye mpaka

Ng'ombe wa Loliondo hutembea kaskazini. Soko la Olposimoru upande wa Narok liko karibu kuliko Arusha, na wanunuzi wake wanatoka Nairobi, ambako nyama inahitajika zaidi. Kwa hiyo shilingi ya Kenya imezoeleka Loliondo kwa miaka mingi, dukani na mnadani, na simu ya mtu aliye upande wa Tanzania hushika mtandao wa Kenya bila kuombwa. Wapo wanaomiliki laini za nchi zote mbili na kubadilisha kulingana na nani analipa.

Machi 2015 Safaricom na Vodacom ziliunganisha M-Pesa zao ili mtu atume kutoka Kenya ikapokelewa kwa shilingi za Tanzania, na mwaka 2020 Safaricom na kampuni mama ya Vodacom zilinunua kwa pamoja umiliki wa M-Pesa kutoka Vodafone ya Uingereza. Kitaalamu, basi, mnunuzi wa Nairobi anaweza kumlipa mfugaji wa Loliondo bila noti kuvuka mpaka. Kinachobaki ni kile ambacho waya wa simu haubebi. Kiwango cha kubadilisha fedha hupangwa na mtoa huduma, ilhali mnadani hujadiliwa. Na malipo hayo hayajengi historia ya mkopo upande wowote: benki ya Kenya kwa kawaida haimkopeshi asiye na kitambulisho cha Kenya, na ya Tanzania haiyaoni mauzo yaliyofanyika Olposimoru. Mfugaji anayeuza ng'ombe ishirini kwa mwaka, mapato ambayo mwalimu mwenye mkopo wa benki Karatu angeyaonea wivu, katika vitabu vya nchi zote mbili huonekana kama mtu asiye na kipato.